Maswali yenu: Kijana akishika kalamu ya utafiti

Juma lililopita niligusia vijana wa LGBTQ (mashoga, wasagaji na wenzao) wa Pwani ya Kenya wanaochunguza afya yao wenyewe. Barua zimemiminika, nyingine za matusi. Hizi ndizo za kujibika.

Utafiti si kazi ya maprofesa? Vijana wa mtaani wanajua nini? (Mwanafunzi, Mombasa)

Wanajua wenzao wanajificha wapi na kwa nini. Wala hii si fasheni ya wafadhili iliyokuja juzi. Utafiti shirikishi, yaani wanaochunguzwa kuwa watafiti pia, ulipikwa kwetu Afrika Mashariki: miaka ya 1970 wasomi Budd Hall na Marja-Liisa Swantz walikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1975 mradi wa Jipemoyo ukaanza Bagamoyo, wanakijiji wakichunguza maisha yao pamoja na wasomi. Mkulima aliaminiwa wakati ule, sioni kwa nini shoga wa Mtwapa asiaminiwe leo.

Mimi ni nesi. Kuulizana maswali kunapunguzaje maambukizi? (Kilifi)

Sista, nikueleze nililoliona. Kituo kimoja nilichojitolea kilikuwa na fomu ndefu ya kondomu: unatumia, hutumii, mara ngapi. Vijana wawili waliofunzwa kuhoji wenzao waliisoma, wakatazamana, wakacheka. Wakaomba swali moja liongezwe: "Mara ya mwisho ulipoghairi matibabu, ulikuwa umefika wapi?"

Majibu yote yakaelekeza mahali pamoja: dirisha la mapokezi. Karani alikuwa akiita kwa sauti, benchi zima likisikia, "Wewe wa vilainishi, njoo!" Watu walifika pale wakageuka na kisonono chao hadi nyumbani, na kondomu zimejaa kabatini. Karani akahamishwa, wagonjwa wakaanza kuitwa kwa namba. Wiki chache baadaye foleni ya Ijumaa ilifika mlangoni.

Ukitaka ushahidi mpana zaidi, kumbuka Februari 2010, umati ulipovamia kituo cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, huko Mtwapa kwa uvumi wa harusi ya mashoga. Baadaye watafiti wa Pwani waliwageukia wahudumu wa afya. Wahudumu 74 kutoka vituo 49 walifunzwa, na wanaume mashoga wakashiriki mijadala. Miezi mitatu baada ya mafunzo chuki ya wahudumu dhidi ya mashoga ilikuwa imepungua, hasa kwa waliokuja nayo nyingi.

Naombwa nihojiwe. Jina langu likivuja? (Malindi)

Una haki ya kuogopa. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachotumika dhidi ya mapenzi ya wanaume kwa wanaume, bado kina miaka 14 jela, na Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019. Kabla hujasema neno, uliza daftari linalala wapi na ufunguo anao nani. Tafiti nyingi za namna hii hutumia kuponi: mwenzako anakupa yenye namba, unahojiwa kwa namba hiyo, unatoka na zako za kuwapa wengine. Wakitaka kitambulisho au picha "ya kumbukumbu", ondoka.

Kuna jambo ambalo wenye miradi hawapendi kulitaja. Mji wenyewe mdogo, na mwenzako anayekuhoji anaweza kuwa mpenzi wako wa zamani. Omba anayetoka mji mwingine.

Mwanangu wa miaka 16 anataka kujiunga nao. (Mama, Likoni)

Mama, tafiti nyingi za kundi hili hupokea wenye miaka 18 na zaidi. Wakimkubali kimyakimya, waulize kibali cha kamati ya maadili kiko wapi. Ila mtoto amekuambia wewe kabla ya wao. Usimfukuze, maana kijana anayelala stendi hana mahali pa kuweka hata dawa zake.

Walitupa nauli, wakaturekodi, wakapotea. (Ukunda)

Barua hii imeniudhi, si kwa ajili yenu. Kama hamkuchagua hata swali moja, mlikuwa wahojiwa tu, hata kama fulana mliyovishwa iliandikwa "mtafiti". Wakirudi, wekeni sharti kabla ya sahihi: matokeo yasomwe kwenu kwanza, kwa Kiswahili, na mruhusiwe kufuta chochote kinachoweza kumtambulisha mtu. Wakisema ratiba haina nafasi, waambieni na nyie Jumamosi mna mpira.