Mimi namwongelea Salwa

Mmeuliza wiki hii, filamu gani ya uhalifu imesifiwa sana lakini wanaoisifu wameacha jambo kubwa. Kwangu ni The Nile Hilton Incident ya Tarik Saleh, ya 2017. Hela zilichangwa Sweden, Denmark na Ujerumani lakini hadithi ni ya Cairo, siku chache kabla watu hawajamiminika barabarani Januari 2011. Mwimbaji anakutwa chumbani hotelini kakatwa shingo, halafu faili linafungwa eti kajiua.

Kila anayeiongelea anamwongelea Noredin, yule afande mla rushwa, kamcheza Fares Fares na kwa kweli kamcheza, hadi tuzo ya Guldbagge akaipata huko Sweden, na filamu yenyewe ikabeba tuzo kubwa kwenye tamasha la filamu la Sundance, Marekani. Haki yao. Ila mimi nimesafisha vyumba kwenye hoteli moja ya Ghuba miaka miwili, na macho yangu hayakumwacha Salwa, yule dada wa Kisudani wa usafi ambaye anasikia ugomvi, anamwona mtu akitoka, na tangu hapo anawindwa.

Ile korido naijua jamani. Zulia linameza hatua, unasikia tu gurudumu moja la toroli linalia, mlango ukifunguka unaangalia chini manake mgeni hapendi kutazamwa, na kitu kikipotea wa kwanza kuitwa ni wewe. Kuna mgeni alisema kaibiwa saa, nikasimamishwa ofisini tangu asubuhi hadi adhuhuri, pasipoti yangu wanayo wao, saa ikaja kuonekana kwenye mfuko wa koti lake mwenyewe na hakuna hata mmoja aliyeniambia pole. Sasa mtu wa kazi kama hiyo akijua kuna aliyeuawa, aende akamwambie nani?

Na Mari Malek anayemcheza ni wa Sudan Kusini, alikimbia vita akiwa mtoto, akaishi Cairo kama mkimbizi kabla ya kufika Marekani. Akinyamaza mbele ya askari mimi namwamini.

Wengine wanaongelea siasa tu, kwamba usalama wa Misri uliwazuia watengenezaji wa filamu siku chache kabla ya kuanza kushuti ikabidi Casablanca ya Morocco ndo iwe Cairo, na kwamba kisa kimechotwa kwenye mauaji ya mwimbaji Suzanne Tamim kule Dubai 2008. Ni kweli, na inauma, manake Hisham Talaat Moustafa, tajiri na mwanasiasa, alihukumiwa kunyongwa 2009 kwa kuagiza mauaji hayo, ikashushwa ikawa miaka 15, na 2017, mwaka uleule wa filamu, akasamehewa akatoka. Lakini hata kwenye mazungumzo hayo dada wa usafi hatajwi!

Niliirudia kwangu Likoni na mwenzangu tuliyekuwa naye kulekule kazini. Pale Salwa anapoonekana kwenye korido akaniambia simamisha kwanza, akainuka akaenda dirishani, tukakaa muda mrefu picha imeganda.