Plastiki ya taka kwenye nyumba: maswali yenu na majibu

Tangu tulipoandika kuhusu pevingi za plastiki, yaani vile vipande vya kutandaza chini, maswali hayajakauka. Mengi yanafanana, kwa hiyo nimeyachuja. Wale wa bei za viwanja mnisubiri, leo ni plastiki tu.

Habari za kazi. Niliona video ya dada mmoja wa Nairobi akilibamiza tofali la plastiki chini na halivunjiki. Mimi nina kiwanja Kigamboni, msingi uko tayari. Kwa nini nisipandishe ukuta mzima kwa tofali hizo nikaachana na saruji?

Salama ndugu yangu. Bila shaka dada unayemsema ni Nzambi Matee, mhandisi wa malighafi, na kampuni yake inaitwa Gjenge Makers. Mwaka 2020 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lilimtunuku kama kijana bingwa wa mazingira kwa upande wa Afrika. Sifa anastahili. Ila tazama vizuri kile kilichompa jina: ni pevingi, za kutandaza kwenye njia, nyua na maegesho ya magari. Ukuta ni kazi nyingine kabisa.

Tofali likibamizwa chini lisivunjike, limekuonyesha kwamba si jepesi kupasuka. Basi, hapo ndipo ushahidi unapoishia. Ukuta haubamizwi. Ukuta unabebeshwa lenta, kenchi na bati, usiku na mchana, mwaka hadi mwaka. Plastiki ikikaliwa na mzigo usioondoka hulegea polepole bila kupiga kelele. Rafu ya plastiki iliyojazwa madaftari haivunjiki siku ya kwanza, inabonyea katikati mwezi baada ya mwezi. Joto likiongezeka, kulegea nako kunaongezeka. Na wewe unajua ukuta unaotazama magharibi huko Kigamboni unavyokuwa saa tisa alasiri mwezi wa pili.

Sisemi haiwezekani. Ivory Coast yapo madarasa ya matofali ya plastiki. UNICEF na kampuni ya Colombia iitwayo Conceptos Plásticos walitangaza mwaka 2019 kiwanda cha huko, wakati madarasa tisa ya kwanza yakiwa yameshajengwa Gonzagueville, Divo na Toumodi, na lengo likiwa 500. Lakini yale ni matofali ya kiwandani yanayofungamana yenyewe, UNICEF inasema hayashiki moto kirahisi, na jengo lilichorwa kwa ajili ya tofali hilo tangu mwanzo. Huwezi kuchukua ramani ya nyumba ya bloku ukamwambia fundi abadilishe tofali tu.

Kwa hiyo pandisha ukuta wako kwa bloku. Plastiki itandaze uani, kwenye njia ya geti na mahali mnapofulia. Hapo hata ikikosewa, utang'oa vipande vitatu urudishie. Ukuta hauna nafasi hiyo.

Shikamoo. Sisi tuko Mafia. Tangu Kimbunga Hidaya, Mei 2024, kila upepo ukivuma tunaangalia paa. Nimesikia nyumba za plastiki haziharibiwi na hali ya hewa. Ni kweli?

Marahaba, na poleni. Ni nusu kweli, na ile nusu nyingine ndiyo inayoezua paa.

Kweli yake ni hii: plastiki haiozi, hailiwi na mchwa, haipati kutu ya chumvi. Kwa mtu wa kisiwani hayo si mambo madogo, maana bati la kawaida karibu na bahari huanza kutoboka kwenye misumari kabla hujamaliza kulipa mkopo wa kulinunua. Lakini kimbunga hakiozeshi nyumba. Kinainyanyua. Upepo ukipita juu ya paa hulivuta kwenda juu, na ule unaoingia chini ya kibaraza au kupitia dirisha lililovunjika hulisukuma kutoka ndani. Paa linapigwa pande mbili kwa wakati mmoja. Kinacholizuia ni kufungwa: nondo au ukanda wa chuma unaotoka kwenye lenta ukaikumbatia kenchi, siyo msumari mmoja uliopigiliwa kwa mshazari. Ongeza misumari ya bati kwenye kingo na pembe, kwa kuwa huko ndiko paa linakoanza kuachia. Paa la migongo minne linahimili upepo kuliko la migongo miwili. Na kibaraza kiezekwe peke yake, ili kikienda kiende bila kulivuta paa kubwa.

Hayo yote hayahitaji hata gramu moja ya plastiki ya taka. Yanahitaji fundi asiyekuwa na haraka.

Plastiki ipeleke kwenye maji na mchwa. Nguzo za uzio za plastiki ya taka zinatengenezwa Kenya kwa zaidi ya miaka kumi sasa, EcoPost ndio wanaojulikana zaidi, na pale mlipozoea kubadilisha boriti kila zinapoliwa mtaona tofauti. Usizigeuze kuwa kenchi, zitapinda. Pevingi nazo ziwekeni kuizunguka nyumba, upana wa mita moja hivi, zimeinamia nje kidogo. Maji ya paa yakidondoka juu yake hayachimbi msingi wala hayarushi tope ukutani. Nyumba nyingi za udongo mnazoona zimelika chini zililiwa na matone hayo, siyo mafuriko.

Sisi ni kikundi cha vijana Morogoro. Tuna eneo, tuna pipa, na plastiki imejaa kila mtaro. Tuelekeze namna ya kutengeneza pevingi.

Hapa nitachukua nafasi, maana pipa na moto bila maelekezo vinaua.

Anzeni kwa kuchambua. Chukueni beseni la maji, tupieni vipande. Kinachoelea ndicho mnachotaka: mifuko laini, madumu, vifuniko vya chupa, viti vilivyovunjika, viroba. Kinachozama kaeni nacho mbali. Humo mna chupa za maji na soda, ambazo huyeyuka kwenye nyuzi 250 hivi na zikiwa na unyevu hutoka zikiwa kavu za kuvunjikavunjika. Wauzieni wanaonunua chupa, ndiyo faida yake. Humo pia mna mabomba ya PVC, ambayo nitayarudia. Tahadhari moja: lile povu jeupe linalofungia televisheni linaelea, lakini nalo msiliweke.

Osheni, kausheni juani hadi kukauka kweli. Mchanga uchekecheni, nao mkauke vilevile. Msipuuze hili. Mchanga wenye maji ukiingia kwenye plastiki ya moto, maji yanageuka mvuke ghafla na kurusha plastiki iliyoyeyuka, na plastiki ikigusa ngozi inanata na kuendelea kuunguza. Glavu ndefu za ngozi, viatu vya kufunika, shati la pamba la mikono mirefu. Nguo za nailoni hapana, maana nazo zinayeyuka.

Mfuko laini huyeyuka karibu na nyuzi 110, dumu nyuzi 130, kiroba kwenye 160 na kitu. Mnaona hakuna haja ya moto mkali. Moto mdogo, wa kutulia, na plastiki iongezwe kidogokidogo. Mkiona moshi mzito umeanza kutoka, mmeshapitiliza: punguzeni moto, msisogeze pua. Kazi ifanyike nje, upepo ukiwa mgongoni, watoto wasiwepo. Plastiki ikiwa laini yote bila mabonge, mwagieni mchanga huku mkikoroga, sehemu moja ya plastiki kwa mbili au tatu za mchanga kwa uzito. Inakuwa nzito kama ugali unaokaribia kuiva, mwiko unasimama. Chota, jaza kwenye fomu ya chuma iliyopakwa mafuta, kisha gandamiza. Wengi hulegea hapa. Wanasawazisha juu kwa mwiko wakaita tofali, ndani mmejaa matundu. Gandamizeni kwa jeki ya gari mliyoiundia fremu, iache chini ya mzigo hadi ipoe, la sivyo itajikunja pembeni.

Kateni moja katikati kwa msumeno. Mkiona matundu makubwa au vipande vya plastiki vyenye rangi yake ya asili, huo mchanganyiko haujaiva, na msiuze.

Mabomba ya zamani ya PVC na magamba ya nyaya za umeme, vinafaa kuyeyushwa?

Hapana. Vikipata moto vinatoa gesi ya tindikali inayochoma mapafu, na vikiungua kabisa vinatoa dioksini, ambayo ni sumu kali. Hata kidogo hapana.

Shule yetu Singida tumekusanya chupa nyingi za lita moja na nusu. Mwalimu anasema tuzijaze mchanga tujenge stoo. Itasimama?

Itasimama, mkiwa na subira. Nigeria, kijiji cha Yelwa karibu na Kaduna, walijenga nyumba ya namna hiyo mwaka 2011 na ikatembelewa na watu kutoka mbali. Jueni tu kwamba anayebeba ukuta ni mchanga ulioshindiliwa pamoja na udongo au saruji inayoshika chupa. Chupa ni ngozi.

Chupa moja ikishindiliwa vizuri inafika kilo mbili na zaidi. Ikibonyea ukiiminya, irudi kujazwa. Zilazwe, vifuniko vyote vitazame upande mmoja, shingo zifungwe kamba kwa kamba kama wavu, ndipo udongo ujazwe katikati. Ukuta wa mviringo unasimama vizuri kuliko wa pembe nne. Kisha mpige lipu yote, nje na ndani. Watu wanapenda kuacha vitako vya chupa vionekane kwa urembo, lakini jua la Singida litavila, vitapasuka, na mchanga utaanza kumwagika. Msitegemee kuokoa saruji nyingi pia. Kati ya chupa na chupa kuna nafasi kubwa, na nafasi hiyo inajazwa na kitu.

Mimi ni fundi seremala, Lamu. Niliona mbao za plastiki zilizojenga jahazi la Flipflopi. Je, naweza kuzitumia kwa milango na madirisha ya nyumba?

Fundi, wewe umeiona kazi kwa karibu kuliko mimi. Kwa wasomaji wengine: jahazi hilo la mita tisa hivi liliundwa na mafundi wakiongozwa na Ali Skanda, kwa tani kama kumi za plastiki ya taka na ndala 30,000 za kulipamba. Likashushwa majini mwaka 2018, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar. Mbao zile zinakubali msumeno, randa na keekee, hilo halina ubishi.

Tatizo lako litakuwa kukua na kusinyaa. Ubao wa plastiki wa mita tatu uliopoa alfajiri, ukipigwa jua hadi ukaongezeka nyuzi 30, unarefuka sentimita moja na ushee. Chuma cha urefu huohuo kinarefuka milimita moja tu. Jahazi liko majini, linapozwa. Mlango wako uko juani. Ukiupima asubuhi ukaubana sawasawa kwenye fremu, mchana haufunguki. Acha nafasi, toboa matundu ya skrubu kwa urefu badala ya mviringo, na usitumie ubao mrefu bila kuukata. Kwa sakafu ya kibaraza, mabenchi na ngazi za gatini ningeutumia kesho. Kwa mlango wa mbele, ningekaa na mti wangu.

Chagua ubao wa plastiki ulio mweusi pia. Masizi yanayochanganywa kiwandani, asilimia mbili au zaidi kidogo, huizuia miale ya jua kuila plastiki. Ndiyo maana tangi la maji jeusi linadumu na kiti cheupe kinavunjika na mgeni amekalia. Na vumbi la kukatia lifagie, ulizoe, lisiende baharini.

Mke wangu anaogopa kulala kwenye chumba chenye dari ya plastiki ya taka. Namwambia ni woga tu.

Msikilize mkeo. London mwaka 2017 jengo la Grenfell lilifunikwa nje kwa mabamba yenye polithini katikati, moto ukapanda ghorofa hadi ghorofa na watu 72 wakafa. Polithini ni plastiki ileile ya mfuko laini na dumu. Dari inayoyeyuka inadondosha matone ya moto juu ya kitanda, na moshi wake unaangusha mtu kabla miali haijamfikia. Jikoni, chumbani na juu ya nyaya za umeme, plastiki ya kuyeyushia mtaani isiwekwe. Na dada mwingine wa Morogoro aliyeniandikia kuuliza kuhusu dari ya jikoni, jibu lako ni hilohilo.

Tumeshatengeneza pevingi zinazoonekana nzuri. Mteja wa kituo cha mafuta anataka karatasi ya vipimo. Twende wapi?

Kituo cha mafuta! Hapo mwambieni ukweli kwanza: petroli inayomwagika huilainisha plastiki, na moto uko karibu. Tafuteni mteja mwingine, kama vile soko, kanisa, msikiti au shule.

Kwa vipimo, Tanzania mnaanza na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, au maabara ya chuo cha uhandisi kilicho karibu, kisha TBS kwa upande wa viwango. Kenya ni KEBS. Msipeleke kile kipande kimoja kilichotoka vizuri kuliko vyote. Pelekeni vya siku tofauti, na aliyevikanda awe mtu tofauti, kwa sababu mteja atapata mchanganyiko huo. Ombeni vipimwe vikiwa baridi na vikiwa vimepashwa joto la juani. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo itakayowaambia kama mnauza pevingi ya baiskeli au ya lori.