Dada, mtungi utoke bandani leo leo

Umeandika shemeji alianguka na bodaboda wiki tatu zilizopita, hasikii harufu, chakula hakina ladha, na Jumatatu anarudi kwenye banda lake la mihogo, anakaangia gesi na usiku analala humo humo. Halafu unauliza ale nini apate hamu. Hamu ya kula ngoja kwanza dada, asilale humo!!

Mi mamantilie hapa Tanga, Makorora. Niliangukia kisogo bila helmeti, picha ya kichwa ikaonyesha hakuna damu, nikashonwa nikarudi nyumbani. Hakuna aliyeniuliza kama nasikia harufu. Kwenda kulalamika zahanati naambiwa mafua tu hayo, nikapewa matone, miezi minne natia matone kwenye pua ambayo wala haijaziba! Nikikumbuka nachemka mpaka leo. Daktari wa masikio, pua na koo ndo alikuja kunieleza: juu ya pua kuna kifupa chenye matundu kama chekeche, nyuzi za kunusia zinapita humo kwenda kwenye ubongo, kichwa kikigongwa ubongo unacheza, nyuzi zinakatika. Sasa tone gani litaunga hizo?

Lakini kosa kubwa nilifanya mwenyewe, niliwaficha watu wa nyumbani. Mpishi asiyesikia harufu nani atanunua wali wake? Tui limechacha sijui, kitunguu kinaungua sijui, nanyamaza. Alfajiri moja binti yangu, miaka 9 wakati ule, ananiambia mama kunanuka gesi, nikamkaripia, kunanuka wapi mbona mi sisikii, nikawasha kiberiti. Mpira ulikuwa umelegea pale kwenye mtungi. Gesi ile nzito, inalala chini, kwa hiyo moto ulitambaa sakafuni ukamkuta mlangoni amekumbatia ndoo ya maji, ukampata miguu yote miwili. Alienda shule na kandambili mwaka mzima kwa sababu kiatu hakiingii, na wallahi alikuwa ameniambia.

Gesi yenyewe haina harufu dada, ile wanaitia makusudi ili pua ikushtue, na pua ya shemeji haishtuki tena. Kwangu sasa hivi kiberiti hakishikwi mpaka mwenye pua nzima aingie jikoni kwanza, hata kama ni mtoto, akisema tokeni tunatoka, taa haiguswi, milango wazi. Kila anayeishi na shemeji na kila anayefanya naye kazi aambiwe hasikii harufu, asione aibu kama mimi.

Kurudi inaweza kurudi, kwa wengine inarudi, hasa mwaka wa kwanza, kwa wengine hairudi. Anuse karafuu, limau, waridi na mkaratusi asubuhi na jioni, miezi mitatu au zaidi. Mi karafuu imerudi kwa mbali. Asumini bado, binti akinifungia kikuba naona maua tu.

Mtungi umeshautoa? Nijibu.