Usaili Huanza Unapopokea Simu

Mimi si mjumbe wa paneli. Ni katibu muhtasi wa ofisi moja hapa Mbeya, yule anayewapigia simu wasailiwa, anayewaonyesha benchi la kukaa na kuwaita ndani zamu zao zikifika. Vijana wengi hunidaka pembeni wakitaka kujua maswali yatakayoulizwa. Maswali siyajui. Ninachojua ni kwamba mwenyekiti, kabla hajafunga jalada, hunigeukia na kuuliza, "Huyu ulimwonaje?" Mara nyingi jibu langu linahusu simu.

Ukishatuma maombi ya kazi, kila namba ngeni ichukulie kama ya mwajiri. Najua matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" wametutia woga, lakini kufoka "Nani mwenzangu?" hakumzuii tapeli, kunamkwaza tu mtu wa kweli. Sema "Haloo, habari za asubuhi", kisha sikiliza. Ukiwa na shaka, uliza jina la ofisi, mahali ilipo na nafasi uliyoomba. Mpigaji wa kweli atajibu bila kusita, wala hatakuomba hela ya fomu.

Kuna binti nilimpigia akiwa safarini. Akaniambia, "Shikamoo dada, samahani, niko ndani ya basi tunateremka Kitonga, mtandao unakatakata. Naomba nikupigie tukifika Ruaha Mbuyuni." Akapiga kweli, kalamu mkononi, akarudia tarehe, saa na mahali ili nihakikishe ameandika sawa. Nilimtajia mwenyekiti habari zake hata kabla hajafika.

Sasa mlinganishe na anayenibipu. Au anayetuma ule ujumbe wa bure wa "tafadhali nipigie". Vocha ni shida, wote tunajua, lakini salio hukopwa. Ukishindwa kabisa, andika meseji iliyokamilika: jina lako, nafasi uliyoomba, na kwamba umeona simu ambayo hukuipokea. "Mambo, nani?" si meseji ya kumwandikia ofisi. Ujumbe wa sauti wa dakika tatu nao sina muda wa kuusikiliza.

Siku yenyewe, toka nyumbani mapema kuliko unavyodhani inatosha. Anayetoka Uyole kuja mjini anajua malori ya Tunduma yakisimama barabarani, hata bajaji haipenyi. Ukiona unachelewa, usingoje saa ipite. Tuma meseji namna hii: "Shikamoo dada, mimi ni fulani wa usaili wa saa nne. Niko Uyole, magari yamesimama. Nategemea kufika saa nne na robo. Samahani kwa usumbufu." Ukiandika hivyo saa tatu na nusu, naweza kumtanguliza mwingine. Ukiandika saa nne na dakika kumi, sina la kukusaidia.

Pale benchini, ongea kwa sauti ya chini au usiongee kabisa kwenye simu. Ukuta wetu ni wa mbao laini. Kijana mmoja alimwambia rafiki yake, "Hawa nimeshawamaliza, nangoja tu wanipe tarehe ya kuanza," na paneli nzima ilimsikia. Walicheka, lakini alipoingia maswali yalikuwa magumu kidogo.

Zima simu kabla ya kuitwa. Usiiache kwenye mtetemo, maana simu inayotetemeka juu ya meza ya mbao huunguruma kuliko inayoita. Kagua na kengele ya kuamkia: simu nyingi huipiga hata zikiwa kimya, na vitochi vingine huipiga hata vikiwa vimezimwa! Ikitokea ikaita, sema "samahanini", izime bila kuitazama, uendelee na jibu lako. Siku nyingine mimi hukaa kona kuandika kumbukumbu, na nimeona kinachoharibu. Si mlio, ni yule anayeitoa mfukoni, akasoma jina la anayepiga, akatabasamu, ndipo akaizima.

Salamu isikutie hofu. "Shikamooni" moja inatosha kwa wote, hata kama yupo wa rika lako pale mezani. Wakianza kwa Kiingereza, wajibu kwa Kiingereza. Kukunja goti kidogo ni adabu nzuri ya kwetu, hakuna atakayekucheka, ila usizunguke meza kumpa kila mtu mkono. Wakitaka, watautoa wao. Juni na Julai baridi ya huku inauma, kwa hiyo njoo na koti lako, lakini kofia ya sufu niachie mapokezi, na mikono itoe mifukoni.

Jambo jingine: vyeti havikai kwenye simu. Kila msimu yupo anayeninyoshea kioo kilichopasuka nione picha ya cheti cha kidato cha nne. Hata Sekretarieti ya Ajira, ile ya serikali, hudai vyeti halisi na kitambulisho, na huwataka wasailiwa wanakili namba zao za mtihani kutoka kwenye akaunti zao za Ajira Portal kabla ya kufika. Nakili kwenye karatasi. Simu huisha chaji.

Ukitoka, iwashe tena. Wapo wanaoisahau hadi jioni, na mimi nawatafuta kwa sababu wameacha cheti mezani. Usinipigie kila asubuhi kuuliza majibu, kwa kuwa na mimi huyasubiri kama wewe. Wiki mbili zikipita kimya, meseji moja ya heshima yatosha. Na ukipata kazi kwingine, niambie mapema nimpigie aliye kwenye orodha ya akiba.