Leza karakanani: anza na kiboksi cha plaiwudi

Mwalimu, umeuliza kama leza ya CO2 ya wati 60, mashine inayokata kwa mwali wa mwanga, inawafaa wanafunzi wa ufundi au ni pambo tu la karakana. Inawafaa sana, ila chuma haikati, wasikudanganye dukani. Chakula chake ni plaiwudi ya milimita 3 na akriliki, plastiki ngumu inayofanana na kioo.

Mimi huwaanzisha na kiboksi cha meno, yaani pande zake zina meno yanayoshikana kwenye kona. Mwanafunzi anachora, anakata, anaunganisha, kinacheza! Mwali umekula kama milimita 0.2 za mbao, naye hakuzihesabu. Anarudi kwenye mchoro, ananenepesha meno kidogo, safari hii kinabana bila gundi. Vipimo vinamwingia hapo kuliko ubaoni.

PVC, ile plastiki ya mabomba ya maji, usiruhusu hata kipande: ikiungua hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, inayochoma mapafu na kuitia mashine kutu. Feni itoe moshi nje ya jengo, na mashine isiachwe ikikata peke yake, plaiwudi hushika moto.

Halafu pampu ya maji yanayopoza leza. Kwetu umeme ulikatika, ukarudi, pampu haikuwaka, hakuna aliyeangalia. Bomba la leza, lile linalotoa mwali, likapasuka. Hakikisha mashine ina kihisio kinachozima leza maji yakisimama.