Ukaguzi wa Vairasi Usiofanyika: Kabla Hujakubali Kupigiwa Windows Upya

Wiki iliyopita dada mmoja mwenye stesheneri Nachingwea aliniandikia hivi: "Habari za kazi, fundi. Kompyuta yangu ni Windows 7, antivairasi ipo na imepangiwa kujikagua kila wiki, lakini kila nikiwasha naambiwa haijakaguliwa muda mrefu. Fundi wa hapa anasema dawa ni kupiga Windows upya. Nikubali?" Nilimwambia asikubali, na kwa kuwa swali hilo naulizwa na wengi, kuanzia Masasi hadi Kilwa, nalijibu hapa kwa kirefu.

Microsoft Security Essentials, antivairasi ya Microsoft ambayo ndiyo ninayoikuta kwenye mashine nyingi za Windows 7 katika ofisi ndogo za huku kusini, isipobadilishwa hupanga ukaguzi wake saa nane usiku wa kuamkia Jumapili. Stesheneri gani ya Nachingwea inaacha kompyuta ikiwaka saa nane usiku? Ihamishie saa saba mchana, wakati wa chakula na swala ya adhuhuri, kisha ondoa alama kwenye kisanduku kinachosema ukaguzi ufanyike pale tu kompyuta inapowaka bila kutumiwa, kwa sababu duka lenye foleni ya wanafunzi wanaotaka kuchapa kazi zao halipati nafasi hiyo. Kikomo cha matumizi ya prosesa kiache kwenye asilimia 50, la sivyo mashine yenye RAM ya GB 2 itaganda mbele ya mteja.

Halafu tazama saa iliyo pembeni ya skrini. Ikiwa kila umeme ukikatika tarehe inarudi nyuma miaka kadhaa, betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, imekwisha. Ratiba hufuata saa ya mashine, na mashine inayoamini kwamba tuko miaka mingi nyuma huvikataa vyeti vya usalama vya tovuti kwa kuviona havijaanza kutumika, kwa hiyo hata kupakua orodha mpya ya vairasi kunaweza kushindikana.

Nayasema haya kwa uhakika kwa sababu niliwahi kuitwa na chama kimoja cha msingi cha wakulima, ndani huko Tandahimba, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto. Kompyuta ya mezani iliyokuwa na daftari la wakulima na kilo zao ilikuwa imejaa takataka za flashi: kila folda imegeuka njia ya mkato (shortcut), na ukaguzi uliopangwa kila jioni haufanyiki. Mafundi walionitangulia walikuwa wameshaondoa antivairasi na kuiweka tena, na mmoja alikuwa ameacha ushauri wa kufuta kila kitu. Mimi nilifungua Task Scheduler, sehemu ya Windows inayoendesha kazi zilizopangiwa muda, nikasoma safu inayoitwa Last Run Result. Ukaguzi uliokwenda vizuri huandika 0x0. Pale palikuwa na 0x8007052E, maana yake jina la mtumiaji au nywila imekataliwa. Aliyeitengeneza kazi ile, inayoita MpCmdRun.exe, programu inayoendesha ukaguzi, aliifunga kwenye akaunti ya karani fulani. Karani akaondoka, nywila ikabadilishwa, na tangu siku ile kazi ikawa inabisha hodi kwenye mlango uliobadilishwa kitasa. Nikaihamishia kwenye akaunti ya SYSTEM, akaunti ya Windows yenyewe isiyohitaji nywila ya mtu, nikaweka alama pale panaporuhusu kazi iliyopitwa na wakati ianze mara mashine inapowashwa, na jioni hiyo hiyo ukaguzi ukafanyika. Hakuna jina hata moja la mkulima lililopotea.

Katibu akaniuliza hela yote ile ni ya nini wakati nimekaa kitini nikabonyeza vitu viwili vitatu. Nilipewa nusu. Baadaye nikasikia aliyeshauri kufuta kila kitu ndiye aliyepewa kazi ya mwaka mzima, eti kwa sababu alikuja na sanduku la vifaa. Sikugombana, lakini sijasahau pia. Vijana mnaojifunza ufundi, someni kumbukumbu za mashine kabla ya kuigusa; fundi anayefuta kila kitu hajatengeneza, amehamisha tatizo. Nanyi wenye ofisi, jifunzeni kulipia akili kama mnavyolipia jasho.

Hata hivyo, ukaguzi unaofanyika kila siku hauzibi matundu ya mfumo. Windows 7 iliacha kupewa masahihisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Januari 2020. WannaCry, vairasi iliyofunga mafaili ya watu na kudai fidia, ilipozagaa Mei 2017, masahihisho yake yalikuwa yametoka tangu Machi, na walioumia zaidi walikuwa wenye Windows 7 ambao hawakuyaweka. Leo tundu jipya likigunduliwa, hakuna wa kuliziba. Kwa hiyo, dada yangu, mashine hiyo iwe ya kuchapa na kutoa kopi tu, isiunganishwe na intaneti ila wakati wa kupakua orodha ya vairasi, ikiwa bado inatolewa. Mambo ya benki na barua pepe yafanyie kwenye simu. Na ukifika wakati wa kununua nyingine iliyotumika, usishawishike kwa kuambiwa ina Windows 10, kwani nayo ilifikia ukomo tarehe 14 Oktoba 2025. Muulize muuzaji kama mashine inakubali Windows 11 na kama ina TPM 2.0, yaani kifaa cha usalama ambacho Windows 11 inakihitaji, na akuwashie uone mwenyewe kabla hujatoa hela.