Wewe wa Mwaka wa Pili Uliyeniandikia Usiku

Juzi saa saba usiku kijana wa chuo kaniandikia: "Kaka, nimegundua siipendi kozi yangu. Boom, yaani hela ya mkopo, nakula, nyumbani wanajua nasoma. Nifanyeje?" Nikamjibu kwa mstari mmoja, usingizi ukapaa. Leo namjibu sawasawa.

Mdogo wangu, mimi sekondari ya juu nilisoma ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, kwa sababu alama zilinisukuma huko. Chuoni nikajaza uhasibu. Mzee alishatangaza mtaa mzima kwamba anasomesha mhasibu, nikaona aibu kumharibia tangazo lake.

Mwaka wa pili nikaenda fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, wiki nane, kwenye kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini, Dar es Salaam. Nikapangwa uhasibu: kupanga vocha, kubandika risiti, kusinzia. Kila baada ya chakula cha mchana nilitorokea chumba cha nyaraka za forodha. Humo watu walikuwa wanabishana mpaka mishipa inawatoka. Mzigo huu ni malighafi au bidhaa iliyokamilika? Kwenye ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki malighafi nyingi huingia kwa 0%, bidhaa zilizokamilika nyingi 25%, kwa hiyo ubishi ule ulikuwa mamilioni ya mteja. Nilisahau kurudi nyumbani. Nilijifunza kusoma hati ya shehena huku nimesimama, maana kiti sikuwa nacho.

Msimamizi wangu akaandika kwenye ripoti: "Hana ari ya kazi." Nilipata C. Alisema kweli kuhusu zile vocha, lakini mpaka leo nikikumbuka sentensi ile koo linakauka. Angetembea hatua kumi tu angeniona nikifanya kazi.

Mwaka wa tatu sina la kuhadithia. Baadaye, miezi tisa ya kutuma maombi kwenye Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, na mjomba kuniuliza harusini, mbele ya watu, "Mhasibu wetu bado anahesabu siku?" Wiki ile ile nikarudi kwenye chumba kile kuomba hata kubeba mafaili. Wakanipa mafaili kweli. Kozi ya cheti cha forodha nilikuja kuisoma nikiwa kazini, na mwezi uliopita kampuni yetu ya watu watatu imepata leseni ya uwakala wa forodha. Watatu, lakini leseni ni leseni.

Basi sikiliza. Acha kujiuliza unapenda nini. Mimi napenda mpira na danadana tano sifikishi. Jichunguze unatorokea wapi. Chukua kauntabuku, kila jioni andika: leo nilitorokea wapi, nikakaa muda gani? Fanya hivyo fildi nzima. Ninyi vijana mnajua kuchunguza kurasa za wenzenu kuliko siku zenu wenyewe! Andika. Ukiajiriwa, Bodi ya Mikopo itakukata 15% ya mshahara wa msingi bila kukuuliza kama kozi uliipenda. Kozi usiiache, imalizie. Uhasibu wangu unanisaidia kila ninapokokotoa kodi ya mteja. Ila andika, nakurudia tena, andika.

Na nyumbani usiwaambie mapema. Mzee wangu bado ananitambulisha kama mhasibu, nami nimemwachia.

Mjomba naye kanipigia wiki iliyopita, gari lake limefika bandarini. Nimelitoa kwa siku nne. Ankara yangu nimemtumia kamili, sikumpunguzia hata shilingi.